Hela yao tunaitaka, kura yao hatuitaki



Tarehe 9 Agosti 2022 Wakenya walichagua Rais wao. Siku hiyo hiyo, hapa hapa Dar es Salaam, Wakenya wanaoishi kwetu na waliokuwa wamejiandikisha walikwenda kituoni, wakapanga foleni, wakapiga kura, wakarudi kwenye shughuli zao. Wala haikuwa mara ya kwanza. Wamekuwa wakifanya hivyo tangu uchaguzi wa 2013.

Sasa geuza upande wa pili. Mtanzania anayeishi Nairobi, pasipoti yake ya Tanzania, namba ya NIDA anayo, kodi ya nyumba analipa Eastleigh lakini mama yake yuko Korogwe. Siku ya uchaguzi wetu anafanya nini? Anaangalia matokeo kwenye simu. Akitaka kupiga kura, apande basi kwa nauli yake mpaka kwenye kituo alichojiandikisha, kama aliwahi kujiandikisha. Huyo ni wa Nairobi, basi lipo. Wa Muscat je? Wa Guangzhou?

Yaani mgeni anachagua Rais wa kwao akiwa kwenye ardhi yetu, halafu mtu wetu akiwa ugenini hana pa kuchagulia Rais wake.

Kwa miaka mingi mjadala wa Watanzania walioko nje umetekwa na neno moja tu: uraia pacha. Mimi uraia pacha nauunga mkono na nitaugusa humu. Lakini hoja yangu leo ni nyingine. Kuna Watanzania wengi nje ambao hawajawahi kuomba uraia wa nchi yoyote. Ni raia kamili kama wewe na mimi. Haki yao ya kupiga kura tayari imeandikwa kwenye Katiba ya 1977, na haitekelezwi. Sisi wapinzani, ambao kila siku tunalia na haki ya kura, hili hatulipigii kelele.

Aliyeondoka hajaondoka

Tuanze na ukweli ambao kila familia inaujua. Mtu akivuka mpaka hakati kamba. Zamani kidogo alikuwa anapotea kweli: barua inachukua mwezi, simu ya posta unapanga foleni. Leo kundi la WhatsApp la ukoo lina watu wa Mbeya, Mwanza, Doha na Columbus. Mhazini wa kamati ya harusi yuko Doha, ndiye anayewasumbua watu wa Sinza kumalizia ahadi zao. Kukitokea msiba, kuna kijana atashika simu juu ya kaburi ili dada aliyekosa tiketi aone baba yake anavyozikwa. Akifa mtu kule nje, Watanzania wa mji ule wanachangishana mpaka mwili urudi ukazikwe kwao. Hata asiyemjua marehemu anatoa.

Yanga na Simba wakicheza saa kumi na moja jioni, Guangzhou ni saa nne usiku na watu wamekaa macho. Mtoto anazaliwa Reading anapewa jina la bibi yake wa Kilosa. Mtu akija likizo anarudi na unga wa muhogo, dagaa na kanga kwenye begi, wala si vya kwake peke yake, ni maagizo ya mtaa mzima wa Watanzania. Wahenga walisema mkataa kwao mtumwa. Hawa hawajakataa kwao.

Na si "majuu" peke yake. Mkuria wa Sirari ana shangazi Isebania, ng'ombe za mahari zinavuka mpaka kama zinavyovuka mto. Mtu wa Tunduma anaamka Tanzania, anafungua duka Nakonde, Zambia, jioni anarudi kulala Tanzania. Mpaka waliuchora wakoloni, ndoa na biashara zikaendelea. Kwa hiyo anayedhani kuishi pande mbili ni jambo la wasomi wa Marekani, aende Tunduma siku moja tu.

Nina mama yangu mdogo yuko Muscat tangu 2016, anafanya kazi za ndani. Miaka miwili ya mwanzo pasipoti yake ilikuwa kabatini kwa mwajiri wake. Mtoto wake analelewa Tanga na bibi. Hela inaingia kila mwanzo wa mwezi, na kila jioni anasikiliza mtoto akisoma kitabu cha shule kwa simu. Ndiyo malezi yenyewe hayo. Oktoba 2020, wakati wa uchaguzi, mitandao ilipominywa nchini, siku kadhaa hatukupatana naye kwa namna aliyozoea. Sisi huku tulikuwa tunalalamika kwamba hatuwezi kuingia Twitter. Yeye alikuwa amekatiwa mtoto.

Naomba mlikumbuke hili. Serikali inapozima mtandao, inazima pia familia za watu ambao familia yao ipo ndani ya simu. Na mama huyu ambaye uamuzi ule ulimgusa hivyo, hakuwa na namna yoyote ya kuwachagua walioufanya.

Masuala yanayomhusu ni mazito. Mwaka 2017 Human Rights Watch walitoa ripoti kuhusu wafanyakazi wa ndani wa Kitanzania Oman na Falme za Kiarabu: pasipoti kushikiliwa, saa za kazi zisizo na mwisho, mishahara kutolipwa, vipigo. Nani anasaini makubaliano ya kazi na nchi hizo? Serikali yetu. Nani anasimamia mawakala wanaowapeleka hao mabinti? Serikali yetu. Nani anaamua ubalozi uwe na maafisa wangapi wa kupokea simu ya binti aliyefungiwa ndani? Serikali yetu hiyo hiyo. Sasa mwanasiasa gani atahangaika na watu ambao hawana hata kura moja ya kumpa au kumnyima?

Uraia wa nchi za Ghuba haupatikani kirahisi, na mama yangu mdogo hautaki. Kwa hiyo mjadala wa uraia pacha haumhusu. Yeye ni Mtanzania tu, hana kingine. Na ndiye tuliyemsahau.

Sheria ya uraia ilimlenga nani?

Kwa ambao hawajaisoma: Sheria ya Uraia ya 1995, Sura ya 357, inasema mtu mzima akichukua kwa hiari yake uraia wa nchi nyingine, uraia wa Tanzania unakoma. Mtoto aliyezaliwa na uraia wa nchi mbili, akifika miaka 18 lazima achague mmoja. Sheria hiyo hiyo inampa mke mgeni wa Mtanzania njia ya kuomba uraia, lakini mume mgeni wa Mtanzania mwanamke hana njia hiyo. Akina dada, hilo nalo tulitunze, lina makala yake.

Wazo la uraia mmoja halikuanza 1995. Limetoka kwenye uhuru. Mwaka 1961 Bunge la Tanganyika lilipojadili muswada wa uraia, walikuwepo wabunge waliotaka uraia uwe wa Waafrika weusi peke yao. Mwalimu Nyerere alikataa katakata, na tumshukuru kwa hilo. Walichokubaliana ni kwamba Mzungu na Mhindi wa Tanganyika anaweza kuwa raia, ila achague: ama Tanganyika, ama Uingereza. Kipindi kile kilikuwa na mantiki yake. Nchi changa, uchumi upo mikononi mwa watu wenye pasipoti ya mkoloni, lazima uulize nani yuko na sisi.

Zanzibar baada ya Mapinduzi ya 1964 hofu ilikuwa nyingine: waliokimbia wasije wakarudi kudai nyumba na mashamba. Bara nako, baada ya utaifishaji wa majengo wa 1971, hofu kama hiyo ilikuwepo. Tusiicheke hofu hiyo, ilikuwa na sababu.

Lakini leo sheria ile iliyotungwa kumpima mlowezi inamkamata nani? Inamkamata muuguzi wa kutoka Rungwe aliyekaa Uingereza miaka ishirini, akachukua pasipoti yao ili apate kazi nzuri na asihangaike na viza. Anawasomesha wadogo zake wanne. Siku ile anaapa kule, huku anageuka mgeni. Akija kumzika mama yake, anajaza fomu kama mtalii anayekwenda Serengeti.

Tukitaka kujifurahisha, tunalegeza. Oktoba 2021 Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar aliyekwenda Uingereza akiwa kijana miaka ya 1960, alishinda Tuzo ya Nobel ya Fasihi. Siku ile tulijaa kifua wote, viongozi wa Serikali wakampongeza kama mwana wa Tanzania. Watu wakauliza swali la msingi mitandaoni: huyu si raia wa Uingereza? Kwa sheria yetu si mgeni? Hakuna aliyejibu vizuri. Vivyo hivyo Taifa Stars, tulipokwenda AFCON ya Ivory Coast tulikuwa na Haji Mnoga, kijana aliyezaliwa Portsmouth, na hakuna shabiki aliyemuuliza kwao wapi alipovaa jezi. Kwa hiyo tunajua vizuri kwamba Utanzania hauishi uwanja wa ndege. Tunajua ila tunaukubali siku za sherehe tu.

Hadhi maalumu, haki nusu

Baada ya miaka ya mvutano, Serikali imekuja na kitu kinaitwa hadhi maalumu. Tuliwahi kukiona kwenye Katiba Inayopendekezwa, ile iliyopitishwa Oktoba 2014 na Bunge Maalum ambalo wapinzani walishatoka, na ambayo kura yake ya maoni iliyopangwa Aprili 2015 haijafanyika mpaka leo. Sasa kimerudi kupitia marekebisho ya Sheria ya Uhamiaji na Sheria ya Ardhi yaliyopelekwa bungeni. Mwenye asili ya Tanzania aliyechukua uraia wa nje anaweza kuomba hadhi hiyo, akaingia na kukaa bila usumbufu wa viza, akafanya kazi, akapata njia ya kumiliki ardhi kwa masharti.

Sitaki kuwa mchoyo wa shukrani. Kwa sheria ya ardhi ya 1999, asiye raia hapewi ardhi isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji. Kuna watu walijenga nyumba Goba na Bunju kwa majina ya kaka zao, na kaka wengine wakabadilika. Kwa hao, hadhi maalumu ni afadhali.

Ila soma orodha ya vitu vinavyotolewa na vinavyonyimwa. Lete hela, ruksa. Jenga, ruksa. Wekeza, ruksa, tena karibu sana. Chagua au chaguliwa, hapana. Yaani hadhi yenyewe imeandikwa kwa jicho la mtu anayehesabu fedha za kigeni. Watanzania wa nje wanatuma mamia ya mamilioni ya dola kila mwaka, na kila waziri akienda nje anakutana nao ukumbini, anawaita mabalozi wetu, anawahimiza wafungue akaunti na wanunue viwanja. Kisha anapanda ndege.

Na bado hadhi maalumu haimgusi yule ambaye hajabadilisha uraia. Mama yangu mdogo hana cha kuomba pale. Yeye tayari ana uraia wote. Anachokosa ni sanduku la kura.

Katiba inasemaje

Hapa naomba mnivumilie kidogo, ndipo penye nguvu ya hoja.

Ibara ya 5 ya Katiba inampa kila raia aliyetimiza miaka 18 haki ya kupiga kura. Haisemi raia anayeishi wapi. Ibara ndogo ya pili inaliruhusu Bunge kutunga sheria ya kumzuia raia asipige kura, lakini kwa sababu zilizotajwa tu: kuwa na uraia wa nchi nyingine, ugonjwa wa akili, kutiwa hatiani kwa makosa fulani ya jinai, na kushindwa kuthibitisha umri, uraia au kuandikishwa. Halafu Katiba yenyewe inafunga mlango: nje ya sababu hizo, hakuna sababu nyingine inayoweza kumzuia raia.

Rudia kuisoma orodha. Kuishi Oman hakumo. Kusoma India hakumo. Kuendesha lori Lubumbashi hakumo.

Zaidi ya hapo, Ibara ya 5(3) inalitaka Bunge liweke utaratibu wa kumwezesha mtu aliyejiandikisha mahali pamoja apige kura mahali pengine. Bunge limetunga sheria mpya kabisa, Sheria ya Uchaguzi wa Rais, Wabunge na Madiwani ya 2024, na nafasi ya kuwaweka Watanzania wa nje ilikuwepo. Haikutumika. Uboreshaji wa Daftari ulipozinduliwa Kigoma Julai 2024, mashine zikaanza kuzunguka mikoa ya nchi. Hazikupanda ndege kwenda hata ubalozi mmoja.

Serikali itasema hatujawanyima, waje tu nyumbani wapige. Hoja hii tuliishaisikia. Mwaka 2010 wanafunzi wa vyuo vikuu walijiandikisha vyuoni, halafu ufunguzi wa vyuo ukasogezwa mpaka baada ya uchaguzi. Kaka na dada zetu waliokuwa kwao Kagera walikuwa na kadi halali za kituo cha Mlimani. Hakuna aliyewanyima haki kwa maneno. Walinyimwa mahali pa kuitumia, na matokeo ni yale yale.

Mahakama zetu zimeshaonyesha kwamba zinaweza kuipima sheria ya uchaguzi kwa Ibara hii. Desemba 2022 Mahakama Kuu ilibatilisha kifungu kilichowanyima kura wafungwa wenye vifungo vinavyozidi miezi sita, kwa sababu kilizoa watu wote kwa jumla bila kufuata Katiba. Hebu fikiria: mahakama imeona mfungwa asizolewe tu hivi hivi. Mhudumu wa ndani wa Muscat, ambaye hana kosa lolote, kosa lake ni kutafuta riziki?

Hofu zetu, tuziongelee

Hofu ya kwanza ni ya makamanda wenyewe, nimeisikia kwenye vikao. Wakiiba kura hapa ambapo mawakala wetu wapo, ubalozini ambako balozi ni mteule wa Rais itakuwaje? Swali zuri. Jibu langu ni kwamba kura ya nje ianze na ya Rais peke yake, kama wanavyofanya Kenya, kwenye vituo vichache vyenye watu wengi, na mawakala wa vyama wakiwa Watanzania wa hapo hapo. Kura zihesabiwe kituoni, matokeo yabandikwe mlangoni, kila mtu apige picha. Kenya mwaka 2022 walikuwa na wapiga kura wa nje elfu kumi hivi, katika nchi 12. Namba hiyo haiwezi kuficha wizi mkubwa, na inatosha kuanza kujenga mazoea. Tena nakwambia, kuiba mbele ya Watanzania wa Washington au London, ambao hawaogopi OCD wala mtendaji wa kata, si rahisi kama kuiba kijijini.

Hofu ya pili: hawalipi kodi, kwa nini watuchagulie viongozi? Kwanza, mifuko ya simenti inayonunuliwa na hela ya Muscat ina VAT ya asilimia 18 kama yako. Tozo ya miamala ilipokuja 2021, bibi wa Tanga alikatwa alipokuwa anatoa hela iliyotumwa na mwanawe. Pili, na hili ni kubwa zaidi, lini kura ya Tanzania ilidaiwa risiti ya EFD? Mkulima asiye na TIN anapiga kura. Mwanafunzi asiye na kipato, mimi mmojawapo, napiga kura. Tunapiga kwa sababu ni raia.

Hofu ya tatu: uzalendo na usalama. Hii inarushwa zaidi kwenye uraia pacha. Majirani tumewazunguka. Kenya iliruhusu uraia zaidi ya mmoja kwa Katiba ya 2010, Uganda ilikamilisha sheria yake 2009, Rwanda na Burundi nako upo. Hakuna hata moja iliyouzwa kwa sababu hiyo. Kenya imeweka uzio wenye akili: mwenye uraia wa nchi mbili hawezi kushika nafasi za juu za dola. Tunaweza kuiga uzio bila kufunga nyumba nzima. Na Msumbiji, jirani yetu wa kusini, wamekwenda mbali: raia wao walioko nje wana viti viwili bungeni, kimoja cha walioko Afrika na kimoja cha walioko kwingineko duniani.

Kisha tuulizane huo uzalendo unapimwaje. Tundu Lissu alipigwa risasi Dodoma Septemba 2017, akatibiwa Nairobi na Ubelgiji, akakaa nje mpaka Julai 2020. Godbless Lema alikimbilia Kanada mwishoni mwa 2020, akarudi 2023. Muda wote huo walikuwa wanaongea na nchi kila wiki kwa simu na kompyuta, na nchi ilikuwa inawasikiliza. Wao tunawajua majina. Wapo wa kawaida wengi walioondoka kwa hofu, tusiowajua. Ukimnyima kura mtu aliyekimbia kwa sababu ya siasa, umempa adhabu ya pili aliyekusudiwa na waliomkimbiza.

Tufanye nini

Kwanza, twende mahakamani. Ibara ya 5, ikisomwa pamoja na Ibara ya 21 inayompa raia haki ya kushiriki kwenye utawala wa nchi yake, ni msingi wa kutosha. Marekebisho ya 2020 ya Sheria ya Utekelezaji wa Haki za Msingi yalimtaka anayefungua shauri aape kuonyesha namna yeye binafsi alivyoathirika.  Anatakiwa Mtanzania aliyeko nje, mwenye pasipoti hai, asiye na uraia mwingine, aliyeandika rasmi kuomba kuandikishwa na akajibiwa hapana, au hakujibiwa kabisa. Barua hiyo ya kuomba ndiyo hatua ya kwanza, na hakuna mtu aliyekatazwa kuiandika.

Pili, chama chetu kiiweke kura ya nje kwenye ilani kwa sentensi inayopimika: kufikia uchaguzi gani, vituo gani, kura ipi. Tusiandike "tutawashirikisha diaspora". Hiyo ni lugha ya wale wale.

Tatu, tujisafishe wenyewe. Jamani, tuseme kweli. Sisi nasi tunawakumbuka Watanzania wa nje tukitaka mchango wa mafuta ya magari ya kampeni. Tukipanga wagombea, hatuwaulizi. Tukibadilisha katiba ya chama, hatuwaulizi. Tunachoilaumu Serikali tunakifanya sebuleni kwetu. Wanachama walioko nje wapige kura kwenye chaguzi za ndani za chama. Vikao vyetu vingi siku hizi viko mtandaoni, kisingizio cha umbali kimeisha.

Nne, kwenye Katiba mpya tunayoidai, uraia wa kuzaliwa usiwe kitu cha kunyang'anywa kwa sababu mtu ametafuta kazi. Hapo ndipo uraia pacha unapokaa. Ni vita ndefu, tutaipigana. Lakini kura ya raia walioko nje haihitaji kusubiri Katiba mpya. Iliyopo inatosha.

Ninaomba kitu kimoja kwa kila aliyesoma mpaka hapa. Leo usiku, kwenye kundi la ukoo wako, mtafute yule wa nje. Muulize maswali matatu: pasipoti yako ya Tanzania bado ni hai? Umewahi kuandikishwa kwenye Daftari? Uko tayari kuandika barua kwa Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi kuomba uandikishwe hapo ulipo? Akisema ndiyo, msaidie kuiandika, atunze nakala na tarehe. Mimi na wenzangu wachache tunaosoma sheria tumeshaanza kuandaa mfano wa barua hiyo, kurasa moja na nusu, Kiswahili cha kawaida. Mama yangu mdogo ameomba aisaini ya kwanza.